Msiwasingizie wazazi kabla ya kukagua mfuko wa dawa

Kuna makala inayosema kwamba mzee ECG yake (kipimo cha umeme wa moyo) ikionyesha QT ndefu basi "amerithi"; hapo imerahisisha mno. Urithi upo: tangu 2006 inajulikana kuwa jeni ya NOS1AP huchangia urefu wa QT, yaani muda tangu vyumba vya chini vya moyo vipate umeme hadi vitulie. Lakini nakala moja ya aina ya jeni hiyo inayorefusha QT huongeza milisekunde chache tu, na kijisanduku kimoja kidogo cha karatasi ya ECG ikienda milimita 25 kwa sekunde ni milisekunde 40! Kwa jicho huioni. Kinachomvusha mzee wa Kongwa au Mpwapwa hadi QT ya milisekunde 500 kwa kawaida ni Lasix (dawa ya kukojoza) inayomwaga potasiamu kwenye mkojo, kuhara, erithromaisini (antibiotiki), kwinini (ya malaria), mara nyingi viwili vitatu kwa pamoja. Jeni humpunguzia tu akiba ya moyo ya kuhimili hayo. Hata hesabu ya kurekebisha QT kulingana na kasi ya mapigo hukosewa: mapigo yakifika 110 kwa dakika, kanuni ya Bazett (QT kugawanya kwa kipeuo cha pili cha RR, yaani muda kati ya pigo na pigo) hukuza jibu, afadhali ya Fridericia, yenye kipeuo cha tatu. Wimbi la U, kile kiwimbi kidogo kinachofuata mwisho wa QT, lisihesabiwe. Kama kuna vijana wa ukoo waliozimia au kufa ghafla, hapo sawa, ndugu wapimwe. Vinginevyo mwageni mfuko wa dawa mezani, zikiwemo za duka la dawa muhimu, pimeni potasiamu na magnesiamu, zirekebishwe, ECG irudiwe. Mlioko vituo vya Bahi na Chemba, potasiamu mnapima hapo hapo au sampuli inakuja Dodoma mjini?