Kusimamisha moai ni utafiti

Wapo wanaosema mwanaakiolojia kazi yake ni kuchimba na kuandika, kurudisha jiwe mahali pake ni shughuli ya fundi. Kwangu kazi ya William Mulloy huko Rapa Nui, au Kisiwa cha Pasaka, kisiwa cha Chile katika Bahari ya Pasifiki, inaonyesha kinyume chake. Alifika 1955 na msafara wa mvumbuzi wa Norwe Thor Heyerdahl, akawa anarudi hadi alipofariki 1978.

Chukua Ahu Akivi, moja ya majukwaa ya mawe (ahu) yanayobeba moai, yaani sanamu kubwa za mawe za kisiwa hicho. Mwaka 1960 Mulloy na Gonzalo Figueroa, pamoja na wenyeji, walisimamisha moai saba zilizokuwa zimeanguka. Njia ilikwisha kuonyeshwa Anakena, ufuo wa kisiwani humo, na mwenyeji Pedro Atan aliposimamisha moai moja: wanaume 12, magogo mawili, siku 18. Gogo linapenyezwa upande mmoja, sanamu inanyanyuka kidogo tu, na papo hapo mawe yanasukumiwa chini ya tumbo lake. Kisha upande wa pili. Rundo linakua, sanamu inainuka nalo. Ikikaribia kusimama wima, kamba huishikilia, la sivyo hupitiliza na kuangukia ng'ambo. Tena moai nyingi ni za majivu ya volkano yaliyogandamana, jiwe laini. Gogo likikaza sehemu moja linaweza kulimega.

Moai ya kwanza Akivi ilichukua takriban mwezi mzima. Ya saba haikufika wiki. Hilo sepetu halikuonyeshi: ujuzi wa mikono ulipunguza muda, bila umati wa maelfu.

Kreni nayo ina mahali pake. Tsunami ya Mei 1960 ilizikumba moai 15 za Ahu Tongariki na kuzitawanya nchi kavu. Timu ya Claudio Cristino ilizirudisha katika miaka ya 1990 kwa kreni kutoka Japani. Maji yalishavuruga zilivyolala, kwa hiyo hoja kwamba mashine ingeharibu ushahidi wa zilivyolala haina nguvu. Linalobaki lazima ni kupiga picha, kuchora na kutia namba kila jiwe la jukwaa kabla halijaguswa, na kulilinganisha na picha za zamani.

Ninachokipinga ni kuziba nyufa kwa saruji ngumu. Maji ya mvua hunaswa nyuma yake, chumvi hujikusanya, na jiwe la pembeni ndilo linalobanduka, huku kiraka kikibaki kizima. Fedha za kuzikagua moai kila baada ya masika zitengwe siku ileile zinapotengwa za kuzisimamisha.