Maksi za MCAT na rangi ya mwombaji: nani hasa anabebwa?

Kila ukiibuka ubishi wa nani apewe nafasi ya kusoma udaktari Marekani, kuna jedwali moja lazima litupwe mezani, lile la AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya huko, linaloonyesha wastani wa MCAT, mtihani wa kuombea nafasi ya udaktari, kwa kila rangi. Maksi za MCAT zinaanzia 472 mpaka 528, na miaka ya karibuni kabla Mahakama ya Juu haijapiga marufuku mwaka 2023 vyuo kuangalia rangi ya mwombaji, Waasia waliopata nafasi walikuwa na wastani wa karibu 514, wazungu karibu 512, weusi karibu 506. Basi mmoja anasema umeona, hawa wanabebwa kwa mbeleko, mwingine anamjibu we mbaguzi tu, na ubishi unaishia hapo.

Tuwe wakweli, hiyo tofauti ipo na sio ndogo. Kijana wa Kichina aliyepiga msuli akapata 512 na bado akakosa, afu anasikia mwenye 506 kapita, ukimwambia asilalamike unamwonea, utumwa hakuuleta yeye wala wazazi wake. Na hayo maboksi ya kutiki rangi kwenye fomu yalikuwa na vituko vyake, la Waasia limechanganya watoto wa madaktari wa Kihindi na watoto wa wakimbizi wa Kihmong (kabila la kutoka Laos) wa Minnesota, la weusi nalo mtoto wa daktari Mnaijeria wa Houston (na watoto wa manesi wa Kikenya wa Dallas wamo pia, tusijifanye hatuwajui) anatiki palepale anapotiki mtu ambaye mababu zake walichuma pamba Mississippi. Kama hesabu ilikuwa ni kufidia historia basi fidia nyingine ilikuwa inapotea njia.

Ila historia yenyewe mbona ipo. Mwaka 1910 ilitoka ripoti ya Abraham Flexner ya kukagua vyuo vya udaktari, iliyosababisha vyuo kibao vya udaktari vifungwe, vya weusi vilikuwa 7 vikabaki 2, Howard na Meharry, na kwa miongo mingi hivyo viwili ndo vikabeba karibu mzigo wote maana vyuo vya kusini mtu mweusi hapiti hata getini. Mpaka leo weusi ni kama asilimia 13 ya Wamarekani lakini kwenye madaktari hawafiki hata nusu ya hapo.

Sasa swali ambalo watu wa jedwali wanalikwepa: hiyo 506 ni maksi za mtu gani? Wastani wa wote wanaofanya MCAT ni kama 501, kwahiyo mwenye 506 kawapita wengi tu, na takwimu za AAMC wenyewe zinaonyesha wanaoingia na maksi za namna hiyo wengi wao wanamaliza, hawadisko. Ukishuka sana chini ndo matatizo yanaanza, sapu juu ya sapu, kwahiyo nao wanaosema mtihani hauna maana yoyote wanatupotosha. Kwa mtazamo wangu MCAT inajua kusema nani atazama, kusema nani kati ya wa 508 na wa 514 atakuwa daktari mzuri wodini haiwezi, na sisi tunaipa kazi zote mbili.

Upande wa pili, wanaotaka rangi iangaliwe, nao wana jedwali lao. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa vizazi vya Florida uliosema vichanga weusi wanapona zaidi wakihudumiwa na daktari mweusi, ukasambaa kila mahali mpaka Jaji Ketanji Brown Jackson wa Mahakama ya Juu akautaja 2023 kwenye maoni yake ya kupinga ile hukumu ya wenzake. Mwaka 2024 watafiti wengine wakairudia data ileile wakazingatia pia nani alizaliwa na uzito mdogo sana, chini ya gramu 1500, tofauti ikakaribia kufutika. Utafiti mwingine, wa Oakland, California, wa 2018, una miguu imara zaidi kwa sababu wagonjwa walipangiwa madaktari kwa bahati nasibu, na wanaume weusi waliokutana na daktari mweusi walikubali vipimo vya sukari na kolesto kwa wingi zaidi baada ya kuongea naye. Hiyo ni hoja ya kuaminiana, na mimi nainunua.

Chuo kinachonivutia kwenye mambo yote haya ni UC Davis, chuo kikuu cha umma cha jimbo la California. Hapo ndipo Allan Bakke, injinia mzungu aliyevuka miaka 30, alipokataliwa mara mbili wakati nafasi 16 kati ya 100 zilikuwa zimetengewa watu wa jamii za walio wachache, akashtaki, 1978 Mahakama ya Juu ikasema aingizwe, kutenga nafasi marufuku ila rangi inaweza kuangaliwa pamoja na mambo mengine. Mwaka 1996 California ikapiga marufuku hata hilo. Davis wakaja kutengeneza kipimo cha ugumu wa maisha, wanaangalia kipato cha wazazi, elimu yao, kama ulikulia sehemu isiyo na madaktari, kama ulikuwa unasaidia kulisha familia, na darasa lao limekuwa la mchanganyiko kuliko vyuo vingi tu. Wapinzani wanasema ni rangi imepitishwa mlango wa nyuma. Labda, lakini karibu robo tatu ya wanafunzi wa udaktari Marekani wanatoka kwenye ile asilimia 40 ya familia za juu kabisa kwa kipato, hawa mbeleko yao mbona haihesabiwi?

Tangu hukumu ya 2023 swali limekuwa la kila chuo, na mwaka uliofuata weusi wanaoanza udaktari walipungua kwa asilimia 11.6. Wengi wanasema basi wote waige Davis. Mimi pia naelekea huko, ila kuna fundo halijafunguka. Kipimo cha ugumu kitampitisha mtoto wa mchimba makaa wa West Virginia, mzungu, na kitamwacha yule mtoto wa daktari wa Houston, wakati mzee wa Oakland anayekataa kupimwa sukari angemsikiliza huyu wa Houston. Hoja ya haki inamtaka mmoja, hoja ya mgonjwa inamtaka mwingine, na nafasi ikiwa moja mimi nampa wa West Virginia, japo jibu la kumpa yule mzee sina.