Wanga wa mahindi ya bukari: iodini au vimeng'enya?

Bukari, yaani ugali, ikipoa hukakamaa, na mama wa Lubumbashi, Kongo, anayesonga kila siku anajua kwamba unga wa kila mahindi hukakamaa kwa namna yake. Sababu moja kubwa ni amilosi, sehemu ya wanga yenye minyororo mirefu isiyo na matawi mengi; chakula kikipoa, minyororo hiyo hushikamana upya. Katika mahindi ya kawaida amilosi ni kama robo ya wanga, iliyobaki ni amilopektini yenye matawi tele. Kwa hiyo anayechagua mbegu kwa ajili ya bukari sharti apime amilosi yake. Ubishi uko kwenye njia ya kuipima.

Wengi hutumia iodini. Wanga huyeyushwa kwa hidroksidi ya sodiamu, hutiwa iodini, na rangi ya buluu husomwa kwa spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, mara nyingi kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanometa 620. Mwaka 1971 mtafiti wa mchele Juliano aliirahisisha njia hii kwa ajili ya mchele. Dawa zake ni nafuu na hazihitaji friji, jambo zito katika mji ambao umeme hukatika. Lakini inadanganya pande mbili. Minyororo mirefu ya amilopektini nayo hunasa iodini, kipimo kikapanda. Mafuta ya nafaka hukaa ndani ya amilosi na kuifungia iodini nje, kipimo kikashuka. Asiyeondoa mafuta kwanza hajapima kitu cha kuaminika.

Njia ya pili hutumia konkanavalini A, protini itokayo kwenye mbegu za jamii ya maharage. Hushika amilopektini na kuizamisha. Amilosi inayobaki huvunjwa na vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kuwa glukosi, nayo glukosi ndiyo hupimwa. Inatenganisha vizuri zaidi, ila vitendanishi ni ghali, vinataka baridi, na mkono usio makini huharibu kila kitu.

Mimi nasimama na iodini kwa kazi ya mbegu: mchaguzi anataka kujua mbegu ipi imezidi ipi kwa amilosi, na hilo itampa, mradi sampuli chache zihakikiwe kwa njia ya pili na ripoti itaje njia iliyotumika. Kwa unga unaouzwa kwa wagonjwa wa kisukari sikubali. Hapo hata amilosi sahihi haitoshi. Ipimwe moja kwa moja sehemu ya wanga isiyosagwa na utumbo mwembamba, tena katika bukari iliyokwisha kupikwa.