Anayekimbia si lazima awe ndiye aliyeua

"Asiye na hatia hakimbii." Maneno hayo ya jamaa yangu yameniudhi sana, kwa kuwa aliyatamka tukitazama Young and Innocent, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1937, pale Robert, kijana anayesingiziwa mauaji, anapotoroka mahakamani akiwa amevaa miwani ya wakili wake, na wengine sebuleni wakamuunga mkono.

Tazameni jinsi Robert alivyoanza kushukiwa. Mume mwenye wivu, Guy, amemnyonga mkewe, mwigizaji Christine, baada ya ugomvi wa usiku. Robert anaiona maiti ufukweni, anakimbia kutafuta msaada, na wasichana wawili wanaotokea wakati huohuo wanadhani anatoroka. Mbio za huruma zinageuzwa ushahidi, na mkanda wa koti lake lililoibwa, uliokutwa karibu na maiti, unapoongezwa juu yake, hapati tena wa kumsikiliza. Angebaki mahakamani akisubiri nini? Na aliyeua je? Yeye hakukimbia popote, bali aliketi hotelini akipiga ngoma katika bendi.

Sisi Waganda, Wanyankole, Waacholi, sote tuliopita Owino au Kisenyi jijini Kampala, tunalijua jambo hili vizuri mno. Mtu mmoja akipaza sauti "Mwizi!", umati humrukia anayekimbia, na anayeumia zaidi ni mgeni, kwa sababu hana ndugu pale wa kusema "huyu namjua". Robert alifuatwa na polisi; wa kwetu hufuatwa na mawe na matairi. Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo au akiri mwenyewe, wala haimnyimi haki hiyo mtu aliyekimbia kwa hofu.

Nakubali, shingo upande, kwamba filamu inaturahisishia kazi, maana macho ya Guy yanayopepesa yanamfichua tangu mwanzo, na wivu wa majumbani mwetu haujionyeshi hivyo. Ile kamera inayoshuka kutoka juu ya ukumbi, ikiwapita wacheza dansi mpaka macho hayo yajae skrini, ni ustadi wa hali ya juu. Lakini bendi yote ni Wazungu waliojipaka weusi usoni, na hilo linaniuma kila ninapoliona. Wanangu nitawaonyesha filamu hii, ila hapo nitaisimamisha na kuwaeleza waziwazi kwamba huko ni kututukana.