Usinisifie mashine inayokata haraka

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyefungua karakana yake kule Nzuguni alinipigia simu jioni, nimeshafunga kazi, nanawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Shikamoo fundi. Nimepata kazi ya grili, nataka kununua ile mashine ya kukatia chuma, ya kusimama. Nichukue ya wati ngapi?"

Nikamwitikia, kisha nikamwuliza vipande vingapi. Akahesabu kwa sauti: madirisha 40, kila dirisha paipu 11 za kusimama. Vipande 440, na hapo fremu hajaigusa.

"Basi wati ziweke pembeni kwanza," nikamwambia. Akanyamaza. Nadhani alihisi namzungusha ili asiniharibie soko.

Simzungushi. Ni kwamba swali la wati ndilo nililouliza mimi mwenyewe miaka ile, na jibu lake likanigharimu. Hapa Dodoma zamani fundi alitengeneza geti moja, akapumzika, akasubiri mwingine aje. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni wa 1973, lakini mafundi wa kuchomelea tuliuona kwa macho baada ya 2016, Serikali ilipoanza kuhama kweli. Nyumba zikaota Iyumbu, Nzuguni, Nala, Ihumwa. Kazi zikaanza kuja kwa mafungu: madirisha 30 yanayofanana, uzio wa mita 200, vitanda vya hosteli. Kazi ya mafungu ina tabia yake. Ukikosea milimita mbili kwenye geti moja, unalificha kwa rangi. Ukikosea milimita mbili mara 440, huna pa kuficha.

Mimi nilianza kwa grenda ya inchi tisa. Unapima kwa tepu, unachora kwa chaki, unakanyaga paipu kwa mguu, unakata. Nikiwa na dogo mmoja wa kunishikia, kipande kimoja kilikula kama dakika moja na nusu. Piga hesabu ya vipande 440: saa 11. Na ukiviangalia baadaye, kila kimoja kina urefu wake, kwa sababu mstari wa chaki peke yake una unene wa milimita mbili, na siku hiyo unakata mara ndani ya mstari, mara nje.

Nikanunua mashine ya kusimama ya inchi 14, ya wati nyingi kuliko zote dukani. Inapita kwenye chuma kama kisu kwenye papai. Cha ajabu, kazi haikuongezeka kasi kama nilivyotarajia. Nilikaa chini siku moja na saa ya simu nikagundua kwamba kukata kwenyewe kunachukua sekunde tano au sita kwa paipu nyembamba. Muda wote uliobaki ni kupima, kuchora, kulenga diski kwenye mstari, kufunga vaisi (kibanio kinachoshika paipu), na mwisho kusaga ile miba ya chuma inayobaki mdomoni mwa paipu. Nilikuwa nimelipia mota ili kupunguza sekunde sita ziwe nne.

Kilichobadilisha karakana yangu ni kipande cha engo, kile chuma chenye umbo la L. Nilichukua meza ndefu ya chuma, nikaifungia mashine juu yake kwa bolti, nikachomelea reli pembeni, na juu ya reli nikaweka engo inayoteleza na kukazwa kwa bolti ya bawa. Stopa. Unaweka urefu mara moja, unasukuma paipu mpaka igonge, unafunga vaisi, unakata. Tepu inakaa mfukoni. Tulishuka hadi sekunde 20 kwa kipande, yaani vipande 440 kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Mashine ni ileile.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue mashine gani, kwanza naangalia kitako chake: kina matundu ya kuifunga mezani? Vaisi yake inakaza kweli, au inaruka ukiibana? Bamba la nyuma limenyooka? Mashine nyingi za bei ya chini zina mota nzuri tu, ila bamba la nyuma ni bati lililokunjwa, ukilikaza linajipinda. Nusu digrii kwenye paipu ya milimita 40 ni theluthi ya milimita, jicho halioni. Lakini ukichomelea kona kwa mkato huo, mkono wa fremu wenye mita 1.2 unaenda pembeni karibu sentimita moja. Ndipo unamwona fundi mzima anapiga fremu kwa nyundo kwenye lami ikae sawa.

Stopa nayo ina ujanja wake, na huu hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia. Kosa la kwanza: ukiiacha imegusa paipu wakati unakata, kipande kinabanwa kati ya stopa na diski. Kikishakatika hakina pa kwenda, kinajikunja, kinaibana diski, na diski ya kusaga ikibanwa hupasuka. Sasa stopa yangu ina bawaba. Inashuka, paipu inaigonga, vaisi inafungwa, stopa inanyanyuliwa, ndipo diski inashuka. Sekunde moja ya ziada, na sijawahi kuijutia.

Kosa la pili lilinichukua muda kulitambua. Vipande vya asubuhi vilikuwa sawa kabisa, vya mchana vimepungua. Nikamshuku dogo. "Kaka, mimi sijagusa bolti," akaapa kwa jina la mama yake. Tukapima stopa, haijasogea. Nilipoinama karibu ndipo nikaona: vumbi la chuma limejirundika chini ya stopa, limeshikana kama udongo wa kichuguu. Paipu ilikuwa inagonga vumbi, haigongi stopa. Tena mdomo wa paipu ulikuwa na miba kutokana na mkato uliotangulia, na miba hiyo nayo inahesabika kama urefu. Ukija kuisaga, kipande kimepungua milimita moja. Dawa yake ni mbili: stopa nimeikata chini, ibaki wazi ili vumbi lipite, na kila mdomo unapitishwa kwenye faili kabla haujaigusa. Dogo nilimnunulia soda.

Sasa tuje kwenye aina za mashine zenyewe, maana najua ndicho mlichokuja kusoma.

Ya diski ya kusaga, ile nyekundu au nyeusi ya inchi 14, ndiyo iliyojaa mjini. Huzunguka karibu mara 3,800 kwa dakika. Haibagui: nondo, engo, paipu, hata chuma kilichokomaa. Diski zake zinapatikana kila duka la vifaa. Ubaya wake ni joto, kelele, cheche na miba. Kila kipande unachokata unakidai kazi ya pili ya kusaga mdomo, na kwa vipande 440 kazi hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Jambo lingine ni kwamba ukiisukuma kwa nguvu diski inapinda, mkato unaenda mshazari, nawe unalaumu vaisi. Iache ishuke kwa uzito wake na mkono mwepesi. Ukinunua diski, soma pete ya chuma ya katikati: pana tarehe ya mwisho wa matumizi. Diski hizi zimeshikanishwa kwa gundi na gundi huzeeka, kwa hiyo ya bei poa iliyokaa stoo miaka usiilete karibu na uso wako.

Ya meno ya kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) huzunguka taratibu, mara 1,300 hadi 1,500 kwa dakika kwa ukubwa uleule wa diski. Inakata kama mbao. Cheche chache, kipande kinatoka unaweza kukishika, mdomo msafi kiasi kwamba faili unaipitisha mara moja tu. Kwa paipu nyembamba na kazi ya mafungu, hii ndiyo niliyonayo leo na sirudi nyuma. Ila haina msamaha. Paipu ikicheza kwenye vaisi, meno yanang'oka, na bei ya diski hiyo moja inanunua rundo la diski za kawaida. Diski yangu ya kwanza ya kabaidi niliipeleka kwa mtu wa vyuma chakavu baada ya wiki tatu tu. Nilifunga paipu tano kwa pamoja ili niharakishe. Vaisi ikabana zile nene, iliyo katikati ikabaki inaelea. Siku hizi nikikata fungu, kwanza nazipiga nukta mbili za moto upande wa mwisho zishikane, ziwe kitu kimoja.

Na tafadhali: asikuambie mtu kwamba diski ya kabaidi inaingia kwenye mashine ya diski ya kusaga kwa sababu tundu linalingana. Tundu linalingana, mwendo haulingani. Mwendo ule ni zaidi ya mara mbili ya unaoruhusiwa. Meno yakiruka kwa kasi hiyo hayatafuti ruhusa kwa aliyesimama mbele.

Msumeno wa utepe ni wa watu wenye nafasi na subira. Unakata polepole kwa maji ya kupoza, unashuka wenyewe, wewe unaendelea kuchomelea. Kwa chuma kizito nauonea wivu. Kwa grili, hapana.

Njia ya diski, yaani upana wa mkato, nayo inakula chuma, na watu wanaisahau wakati wa kununua mali. Diski ya kusaga ya inchi 14 ina unene wa milimita tatu hivi. Ukichukua paipu ya mita 6 ukasema nitoe vipande sita vya mita moja, unakata mara tano, milimita 15 zimekuwa vumbi, na kipande cha sita ni kifupi. Niliwahi kumhesabia mama mmoja wa Chamwino paipu kamili bila kubakiza. Nikarudi dukani kwa nauli yangu kununua paipu mbili za kuziba mapengo. Tena hiyo mita 6 yenyewe ipime kabla hujalipa.

Umeme. Mashine ya wati 2,200 inavuta karibu ampea kumi, na inapowaka inavuta zaidi ya hapo. Ukiilisha kwa waya mwembamba wa kuunganishia redio, uliobaki umezungushwa kwenye kigurudumu chake, waya unapata moto, umeme unashuka, mota inalia kwa sauti nzito na mwisho inanuka. Nimeona mota mbili zikifa hivyo, na zote mbili mwenyewe alimtukana aliyemuuzia. Waya mnene, mfupi, uliokunjuliwa wote. Muulize pia muuzaji kama kaboni za mota hiyo (vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zipo dukani leo, sasa hivi, uzishike mkononi. Akisema zitaagizwa Dar, endelea na safari.

Jambo la cheche halipo kwenye karatasi yoyote ya mashine. Sisi wengi tunafanyia kazi pembezoni mwa barabara, na Dodoma upepo wa kuanzia Juni huko haukuulizi unakotaka cheche ziende. Jirani yangu alipaki bajaji yake mita kadhaa nyuma ya mashine yangu ya zamani. Asubuhi yake kioo cha mbele kilikuwa na vidoti vya kahawia ambavyo havitoki kwa maji wala kwa sabuni. Cheche ni chuma kilichoyeyuka, kikigusa kioo kinang'ang'ania, kisha kinapata kutu. Nililipa kioo. Tangu hapo nyuma ya mashine pana bati limesimama, na miwani nimeifunga kwa kamba kwenye mpini wa mashine ili asiyeivaa aione inamgonga mkononi.

Kijana wa Nzuguni aliniuliza mwisho, sasa akifika dukani afanyeje, maana wauzaji wote husema yao ndiyo bora. Nilimwambia abebe paipu yake mwenyewe ya inchi moja kasoro robo, na kipande cha engo cha kufanyia stopa. Amwombe muuzaji aiwashe, akate vipande kumi bila kupima kimoja. Halafu avisimamishe vyote kumi kwenye sakafu ya vigae, vimegusana, apitishe kiganja juu. Kidole kinahisi nusu milimita ambayo tepu haiioni. Alinipigia juzi. Duka la kwanza walimfukuza, la pili walimwashia.