Kifaa kipo, bibi hasikii

Kijana wa chuo hapa Mbeya akisema anataka kujenga taaluma yake kwa kutafiti aibu na upweke wa watu wenye usikivu hafifu, ataulizwa: "Sasa wewe utatibu nini?" Swali lina uzito. Mtu wa Makete au Chunya akija mjini kupimwa masikio analipia nauli na mahali pa kulala, na wataalamu ni wa kuhesabu. Heri msomi huyo ajifunze kupima, wanasema, kuliko kuzunguka na madodoso.

Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2021 kwamba kati ya watu 100 ambao kifaa cha kusikia kingewafaa, wanaokitumia ni kama 17. Watetezi wa vifaa huinukuu sana takwimu hiyo, kana kwamba wale 83 wanasubiri tu mzigo ushushwe. Bei na umbali vina sehemu kubwa, sikatai. Lakini Uingereza hospitali za umma hutoa vifaa bure, na bado wengi huviacha kwenye droo. Hao nauli imewazuia?

Jirani yangu wa Uyole, bibi wa miaka sabini na kitu, alinunuliwa kifaa na wanawe. Kilemba kikikigusa, kinapiga mluzi. Siku ya kwanza kanisani benchi zima liligeuka kumtazama. Kifaa kikarudi kwenye kopo, pamoja na betri zake ndogo kama dengu. Misibani naye siku hizi haonekani, kwa sababu ukimpa mzee shikamoo asiitike, huku kwetu hatusemi hasikii. Tunasema anaringa.

Dodoso la wazee wenye usikivu hafifu, lililotungwa na watafiti wa Marekani Ventry na Weinstein mwaka 1982, lenye maswali 25, huuliza kama tatizo la kusikia limempunguzia mtu kutembelea ndugu na majirani. Rungwe swali hilo halitoshi. Uliza msiba: anakaa na wanaolia, au amejificha kwa wapishi ambako hakuna wa kumsemesha? Kulijua swali hilo kunataka miaka ya kukaa na watu, na mashine ya kupimia masikio haiwezi kukuonyesha. (Watafiti wanaochukua majibu wasirudi tena kijijini wapo, nao wanastahili lawama.)

Nilimuuliza bibi angependa kirekebishwe nini. Kifaa hakukitaja. Alitaka mchungaji atangaze kwamba ule mluzi ni wake.