Landlodi wa mashine pepe

Mimi ninayepanga vyumba viwili Migosi, ambaye keateka anayedai kodi akikohoa tu nje tarehe tano nazima redio nijifanye sipo, siku hizi ni landlodi. Nina wapangaji watano. Wote wanaishi ndani ya kompyuta moja iliyochoka, iliyostaafu kwenye ofisi fulani Uingereza, niliyoinunua hapa Kisumu kwa mtu aliyeniapia kwamba haijawahi kufunguliwa. Nilipoifungua nilikuta kibanio cha nywele.

Ploti yenyewe inaitwa Proxmox. Imetengenezwa Vienna, Austria, na ni bure, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi mapema. Kazi yake ni kuichukua mashine moja ya chuma na kuigawa ziwe mashine pepe nyingi, kila moja ikiamini kwamba iko peke yake kwenye kompaundi. Ila kila ninapoingia inanitolea kidirisha: huna usajili halali. Nabonyeza sawa. Kesho tena, huna usajili halali. Hao Waaustria hawajawahi kumwona keateka wetu, lakini sauti yake wameipata barabara.

Kosa la kwanza nilimwambia Mama kwa simu.

"Mashine pepo?"

"Pepe, Mama. Yaani hazishikiki kwa mkono."

"Si ndiyo hayo hayo."

Jumapili ile nikaombewa kanisani. Mbale yote, kwetu Vihiga, sasa inajua kijana wao wa Kisumu ana pepo watano kwenye kasha.

Haya, kugawa RAM, ile kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini. Ninazo gigabaiti 16. Windows akataka 8 peke yake, na kazi yake yote ni kufungua programu ya hesabu za chama cha Mama Watoto, mara moja kwa mwezi. Jellyfin wa filamu akataka 4. Nextcloud anayetunza picha akataka 4. Home Assistant akataka 2 ili aniwashie taa moja ambayo naifikia bila kuinuka kwenye kiti. Mwenye adabu ni Pi-hole tu, yule wa kuzuia matangazo. Nusu gigabaiti inamtosha, anakaa kwenye kona yake kama mwanafunzi wa Maseno anayengoja pesa ya kutoka nyumbani. Jumlisha mwenyewe: 18 na nusu, na ploti yenyewe haijala. ZFS, mlinzi wa diski, naye asipowekewa mpaka huifakamia RAM anayoikuta haina mwenyewe.

Nikasoma kwamba inaruhusiwa kuwaahidi wapangaji RAM kuliko iliyopo, bora wasiidai wote siku moja. Nikacheka. Huo mchezo naujua. Ploti yetu ina familia kumi na nne na tangi moja la maji. Ila siku wakiidai wote, Linux, mfumo unaoiendesha ploti, humchagua mmoja na kumuua papo hapo. Hata keateka hutoa notisi.

Kuhusu diski hapo ndipo nilipochekwa. Nilinunua mbili, za terabaiti 4 kila moja. Kuichomeka ya kwanza, mashine inasema 3.6. Muuzaji huhesabu kwa 1,000, kompyuta inahesabu kwa 1,024, na tofauti inanihusu mimi. Ni gorogoro ya soko la Kibuye, lile kopo la kupimia, iliyobonyezwa chini: unaona imejaa hadi juu, ukifika nyumbani mahindi hayafiki. Kisha nikazifunga zote mbili ziwe kioo, kila kinachoandikwa kwenye hii kiandikwe na kwenye ile, ili moja ikifa nyingine ibaki.

"Kwa hivyo umenunua nane, umepata tatu na nukta sita," Mama Watoto akasema, akichambua omena.

Nikaanza kumweleza habari za usalama. Akauliza stima. Nikamwambia wati 40 tu, kama balbu ya zamani. Akapiga hesabu kichwani, huyu ndiye mweka hazina: saa 24, siku 30, karibu uniti 29 kwa mwezi. "Friji ulisema hatuwezi."

Hapo nikatoka nje kidogo.

Kioo nacho si bekapu, yaani nakala ya akiba, hilo nililijua baada ya mdogo wetu kufuta folda ya ubatizo wake mwenyewe. Ilifutika kwenye diski zote mbili kwa sekunde moja, kwa uaminifu mkubwa. Niliokolewa na snapushoti, ile picha ya hali ya diski ninayoipiga kila usiku. Nikairudisha, sikumwambia mtu.

Basi nikafuata kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Ya pili ni diski ya nje, inachomekwa kwa USB, inaandikwa saa nane usiku. Ya tatu nilipanda nayo matatu Kondele hadi Mbale. Nawaomba mlitafakari hilo: Kisumu iko kusini mwa ikweta, Mbale iko kaskazini. Bekapu yangu iko kizio kingine cha dunia, na nauli nilipunguziwa.

Wiki iliyopita kifungua mimba wangu akachomoa ile diski ya nje aipeleke kwa TV. TV ikamuuliza kama ifute kila kitu ndipo iisome. Akajibu ndiyo, ni mtoto mwenye heshima. Seva haikulalamika. Saa nane ilipofika iliandika kwenye folda ileile tupu, yaani kwenye kidiski chake chenyewe cha kuwakia, cha gigabaiti 120. Kuna mpangilio wa kuizuia isiandike kama diski ya nje haipo. Sikuuwasha. Usiku wa pili kikajaa hadi shingoni, hata mimi mwenye ploti nikakataliwa kuingia mlangoni. Pi-hole naye akazimia, na kwa kuwa nyumba nzima inamuuliza yeye njia ya kwenda intaneti, watoto wakaanza kulia kama tumefiwa.

Nikafuta zile bekapu zilizojaza. Zikatoka zote, ndizo pekee zilizokuwepo. Kwa kuwa hasira ilikuwa tayari, nikaamua usiku huohuo nimfukuze Windows, namba 103. Proxmox haifuti mpaka uandike namba ya mpangaji kwa mkono wako. Niliandika 102, kwa mkono wangu, kwa utulivu. 102 ni Nextcloud. Na snapushoti ni mali ya mpangaji, akifukuzwa anaondoka nazo.

Picha za miaka sita. Kwa simu tulishazifuta kupata nafasi.

Alfajiri nikampigia Mama.

"Ile diski niliyokuletea, iko salama?"

"Iko kabatini, baba. Nimeifunga kwa kitambaa cha krosha. Hakuna aliyeigusa, isipokuwa mchungaji."

"Mchungaji?"

"Si ulisema ina pepe? Aliipaka mafuta ya upako. Kidogo tu, pale penye tundu."